Kabureta ya Baba kwenye Gari la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi hodari, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa fundi mbovu, gari lile lingekufa mapema, tungelisukuma nyuma ya nyumba likalaliwe na kuku, na mama yangu angepanda basi kwenda Kakamega kama watu wengine. Lakini alikuwa hodari. Kitu kikimshinda leo, kesho alikiamkia, na kesho kutwa, na sisi wengine tulikaa tukimngoja.

Tulikuwa tunaishi Khayega. Mimi nilifundisha darasa la pili, yeye alitengeneza magari katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Kakamega. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Wazungu wa mashamba ya Lugari walipoanza kuuza vitu vyao na kuondoka, alipata gari dogo la mizigo, lile watu waliloita vani. Mbele lilikuwa na viti viwili, nyuma bati tupu la kupakia magunia. Injini yake ilikaa katikati ya viti, chini ya kifuniko cha bati, hivi kwamba dereva na aliyekaa naye waliota moto kama wapishi. Lilifika kwetu likivutwa na trekta kwa mnyororo. Kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa na kuilisha injini, ilikuwa imepasuka.

“Kazi ya wiki moja, Mwalimu,” aliniambia. Aliniita Mwalimu hata nyumbani.

Wiki hiyo ilikula miaka miwili na zaidi.

Mama alikuwa kijijini kwake Musanda, mbele ya Mumias, peke yake. Baba alikwisha kufariki, na kati ya watoto aliozaa mama nilibaki mimi tu. Alilima shamba lake mwenyewe na hakuomba mtu chumvi. Mwaka ule gari lilipokuja, ndipo alipoanza kugonga miimo ya milango. Ukisimama mbele yake alikuona vizuri, akakwambia umekonda. Lakini kitu kikiwa ubavuni hakukiona. Alikuwa akimkanyaga kuku, kuku akapiga kelele, nasi tukacheka. Kweli tulicheka. Majirani walisema ni mtoto wa jicho, kila mzee anapata, unangoja ukomae kisha daktari anautoa. Na daktari wa macho alikuwepo: alitoka Kisumu mara moja kwa mwaka, akakaa siku moja katika hospitali mjini Kakamega, watu wakajaa mpaka nje ya ua.

Kipofu mwenye watoto wa kiume anahamia kwa mwanawe na maisha yanaendelea. Mama hakuwa na mwana wa kiume. Alikuwa na mimi, na nyumba yangu ilikuwa nyumba ya mkwe wake, mahali ambapo hakuweza hata kunywa maji.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima, na nililelewa nikiiona jambo zuri. Iko pia njia ya kuilegeza. Mkwe analeta mbuzi na blanketi, watu wanaitwa, wanakula, mama mkwe anampa mkono mbele yao, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana na kukaa pamoja. Mbuzi tulikuwa naye. Blanketi lilikuwa sandukuni, nikilianika juani kila mwezi lisiliwe na nondo. Lakini mume wangu alitaka kuvipeleka kwa gari lake mwenyewe. Alitaka Musanda nzima isikie honi.

Nami nilitaka. Nisijifanye hapa. Nilijiona nikishuka mlango wa mbele nimevaa viatu, na wale wanawake waliosema nimeolewa na mtu wa mafuta machafu wamesimama wananitazama.

Daktari alipokuja mwaka ule, nilisema nitampeleka mama kwa basi. Mume wangu aliumia usoni kama mtu aliyetukanwa. “Mama mkwe wangu akanyagwe miguu kwa basi, na mimi niko na gari? Watu wa Musanda watasemaje? Wacha, Mwalimu. Kabureta iko njiani inatoka Uingereza.” Nikaacha. Ni mtoto wa jicho, nikasema moyoni, acha ukomae.

Uhuru ulikuja, bendera ikapandishwa, tukaimba na watoto wa shule mpaka sauti zikakauka. Kabureta haikuja. Daktari alikuja tena, akaondoka tena. Safari hii sikusema neno la basi, maana gereji walikuwa wamepata habari kwamba kifurushi kimefika Mombasa. Kifurushi kilipofika Kakamega tulikuta ndani yake kabureta ya lori. Mume wangu aliishika mkononi akacheka, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipotaka kumpiga.

Mama sasa alikuwa akitembea kwa kupapasa ukuta.

Wazo la pikipiki lilikuwa la mume wangu. Baba yangu alikuwa msimamizi wa shule za misheni, na misheni ilimpa pikipiki ya kuzungukia. Alipokufa walimwachia mama, naye akaifunika gunia ikakaa kwenye kibanda cha kuni. Mimi niliijua pikipiki ile. Nikiwa msichana baba alinikalisha juu yake uwanjani mwa shule, akakimbia ubavuni mpaka nikaweza mwenyewe. “Ile kabureta ni ndogo,” mume wangu alisema, “lakini petroli ni petroli. Nitaifunga.”

Ila hakuweza kuingia uani kwa mama mkwe. Kwa hiyo kazi ya kuing’oa nilifanya mimi. Yeye alisimama nje ya ua wa miti akinipigia kelele, spana namba gani, zungusha upande gani, usipoteze ile springi, na mimi nimepiga magoti kwenye vumbi la kuni na gauni langu la shule. Mama alikaa mlangoni akisikiliza. Nilipomwambia tunachukua kabureta ya baba ili tumpeleke kwa daktari, alisema tuchukue, mwenyewe haiulizii. Kisha akaniuliza kama mkwe wake amekula. Alikuwa amemchinjia ingokho, kuku wa mgeni, na mkwe wake akamla nyumbani kwa jirani, kama ilivyopasa.

Lazima niseme ukweli juu ya kazi aliyoifanya, ingawa sitaki. Mdomo wa kabureta ya pikipiki na mdomo wa injini ile haikulingana hata tundu moja. Alikata kipande kinene cha alumini kwa msumeno wa mkono, akakitoboa matundu mawili ya huku na mawili ya kule, akaweka katikati karatasi ngumu ya boksi iliyopakwa grisi ili hewa isipenye. Waya wa kuvuta petroli wa pikipiki ni mfupi. Haukuweza kufika kwenye pedali. Basi akauacha na mkono wake ule ule wa kuzungusha, ule wa usukani wa pikipiki, akausimamisha juu ya kipande cha bomba kando ya injini. Ukawa unaendesha kwa mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye bomba, na ukitaka kubadili gia unaachia hapa unashika pale upesi upesi. Kifuniko cha injini kiliondolewa kabisa, kwa sababu injini ile ilikuwa kubwa kwa kabureta ile, na kila ikikuta mlima ilikufa kwa njaa. Dawa yake ilikuwa kitufe kidogo juu ya kabureta. Ukikibonyeza, petroli inafurika kidogo, injini inapata tonge la ziada. Lakini dereva hakuwa na mkono wa tatu. Mkono wa tatu nilikuwa mimi.

Lilinguruma. Khayega walitoka madukani kutazama. Alinifundisha gia siku mbili kwenye uwanja wa mpira, kisha akaacha, akasema naua klachi.

Siku ya daktari ilipokaribia nilimwambia: chukua mbuzi, chukua blanketi, tuvipakie tukienda, mambo yaishe asubuhi hiyo hiyo mlangoni kwa mama. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aoe sokoni. Jambo hilo halifanywi mbiombio, alisema, watu lazima waitwe. Tutalifanya mama akishapata macho, apate kuona blanketi lenyewe.

Siku yenyewe tulifika Musanda jua limeanza kupanda. Majina kwa daktari yaliandikwa mpaka saa sita. Mama alikuwa tayari, amevaa gauni la kanisani na leso nyeupe. Nikamshika mkono mpaka kwenye gari, naye akasimama.

“Yeye yuko wapi?”

“Yuko kwenye usukani, mama. Atakuwa wapi?”

“Basi siingii.”

“Mama, wewe huoni.”

“Mimi sioni,” alisema. “Lakini yeye ananiona.”

Nilipoteza nusu saa hapo. Mwishowe tulifunga shuka la kitanda kutoka ukuta hadi ukuta wa gari, nyuma ya viti, mama akakaa kwenye godoro kule nyuma, upande wake wa shuka, na sisi upande wetu. Mume wangu alitazama mbele tu kama sanamu. Wote wawili walifurahi. Nilisikia mama akishukuru kwa pazia, na yeye akinong’ona kwamba nimwambie mama asante kwa kukubali gari. Walipelekeana asante kupitia kwangu, na saa inakwenda.

Tambarare ya Mumias tuliipita vizuri. Kuelekea Kakamega vilianza vilima, na kwenye cha kwanza injini ikakohoa, nikabonyeza, ikafufuka, ikakohoa tena, ikazima. Kuiwasha ilibidi atoe kichungi, apulize mdomo wa petroli, na kwa kufanya hivyo ageuze uso nyuma, mahali lilipokuwa shuka. Hakutaka. Shuka lilikuwa jepesi, alisema, na jua liko upande ule. Kwa hiyo yeye alishuka kwanza, akaenda mbele hatua ishirini, akatupa mgongo. Mimi nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma, nikamshusha mama, nikampeleka nyuma ya kichaka. Kisha nikamwita yeye, akarudi, akapuliza. Kisha akaenda tena mbele, nami nikamrudisha mama. Kupuliza kwenyewe kulichukua muda wa kuvaa viatu. Heshima ilichukua mwingine wote.

Mara ya pili ilikuwa vile vile. Nilianza kuongea peke yangu.

Mara ya tatu mume wangu hakuwa amefika mbali. Labda naye alikuwa amechoka na kwenda na kurudi. Alisimama karibu na gurudumu la nyuma, uso kwenye ukuta wa gari. Nilikuwa nimefungua mlango, na nilipokwenda kuweka jiwe chini ya tairi la mbele, mama akaamua kushuka mwenyewe. Mguu wake ukatafuta ardhi upande ambao ardhi haikuwepo. Nilimwona akianza kuanguka. Nilikuwa mbali. Mume wangu alikuwa karibu, karibu kabisa, naye alisikia, akageuka, na mikono yake ikatoka kumpokea. Niliiona. Ilitoka yote miwili, mikono imara ya fundi. Kisha akairudisha.

Mama aliangukia kokoto kwa magoti na viganja. Leso ilitoka kichwani. Mume wangu alikuwa amekwisha geukia ukuta wa gari, mikono ameibana kifuani kama aliyeungua.

Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilimwita mnyama, na hapo barabarani kulikuwa na watu wanapita na mizigo ya kuni wakasimama. Nilikuwa nafuta damu kwenye kiganja cha mama na kutukana wakati huo huo. Na mama, akiwa bado chini, vumbi mdomoni, alinishika kifundo cha mkono.

“Nyamaza. Amefanya vizuri. Mkwe ni huyo.”

Hapo hasira ilinipanda mpaka nikawa sisikii tena. Nilimwendea mume wangu nikamwambia apulize kabureta hiyo kwa mara ya mwisho. Akapuliza. Injini ilipowaka nilimpandisha mama nyuma, nikapanda kiti cha dereva, nikafunga mlango.

“Mwalimu, utafanya nini?”

“Wewe baki na heshima yako. Sisi tunaenda kwa daktari.”

“Hujui kuendesha!”

“Nitaua klachi.”

Nikararua shuka. Bila yeye ndani, mama hakuwa na sababu ya kukaa nyuma. Nilimvuta mbele nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamshika kidole kimoja kisichochubuka nikakiweka juu ya kitufe, nikamwambia hiki ndicho. Akaipapasa kabureta nzima kwa vidole, polepole, kama mtu anayepapasa uso.

“Ya baba yako hii,” alisema. “Alikuwanga anabonyeza mara mbili, halafu anangoja kidogo.”

Nilimwacha mume wangu amesimama na spana mkononi. Gari liliruka kama mbuzi, likataka kuingia mtaroni, nikalirudisha. Mkono wa kuzungusha niliujua tangu utoto wangu. Usukani na gia ndivyo vilivyonitoa jasho. Lakini kilimani, na hili nalisema kwa sababu ni kweli, mama alikuwa bora kuliko mimi. Mimi nilikuwa nikingoja kikohozi ndipo nibonyeze. Yeye alisikia kabla ya kikohozi. Pumzi ya ile kabureta alikuwa ameisikiliza miaka yote ya ndoa yake, ikiondoka asubuhi na ikirudi jioni, na ilipobadilika kidogo tu kidole chake kilishuka mara mbili, kikangoja. Hatukuzima tena. Kilima hata kimoja. Niliendesha nikilia kwa hasira, maana miaka miwili tulingoja kifaa kutoka Uingereza, na mkono wa tatu ulikuwa Musanda ukipapasa ukuta.

Tuliandikisha jina kabla ya saa sita.

Daktari alikuwa Mzungu mfupi mwenye sauti ya chini. Aliyetufasiria alikuwa nesi. Alimulika tochi kwenye macho ya mama, huku, kule, akagusa mboni kwa ncha za vidole juu ya kope, akamulika tena. Kisha akakaa. Akauliza mama alianza lini kugonga milango. Nikamwambia. Akauliza kwa nini hatukuja wakati ule, na mimi, mwalimu wa shule, nikasema tulikuwa tunangoja mtoto wa jicho ukomae.

Hakuwa na mtoto wa jicho. Ndani ya macho yake maji yalikuwa yamejaa kupita kiasi, yakasukuma, yakaua mshipa wa kuonea, polepole kuanzia pembeni. Nesi alitafsiri akitazama sakafu. Kilichokwisha kufa hakirudi, alisema, lakini ugonjwa huu unaweza kuzuiwa. Kama angeletwa mwaka ule wa kwanza, daktari angemwachia macho aliyokuwa nayo siku ile. Hata mwaka jana angemwachia kidogo, cha kuonea njia. Sasa hakuna cha kuzuia.

Mwaka ule wa kwanza mama alikuwa ananiona uso. Aliniambia nimekonda.

“Haya,” mama alisema tu, na akauliza mlango uko wapi.

Nje, barazani, watu wengi walikuwa bado wamekaa kwenye foleni. Nilimkalisha mama kwenye benchi. Sijui tulikaa muda gani. Kisha mume wangu akaingia langoni, amebebwa na mtu kwenye keria ya baiskeli, mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi viatuni. Aliuona uso wangu, akajua. Akasimama mbali, pale pale ambapo adabu ilimtaka asimame, akainamisha kichwa.

“Ni yeye?” mama aliuliza. Alijua hatua zake. “Mwambie asogee.”

Hakusogea. Mama akanyoosha mkono wake, ule wenye majeraha, hewani, usiojua kuelekea wapi.

“Mkwe, lete mkono. Mimi na wewe hakuna tena cha kufichana. Nitalala nyumba ya nani kama si yako?”

Yeye akafuta kiganja chake kwenye suruali, mara mbili, tatu, akaja akaushika. Hapakuwa na mbuzi wala blanketi. Hakuna aliyeitwa. Mama alipandisha mkono mpaka kidevuni mwake akasema kumbe ana ndevu, na mume wangu akacheka huku machozi yanachora vumbi, na mama naye akacheka, wakaanza kuulizana habari za nyumbani.

Ilikuwa rahisi hivyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupuliza kabureta. Nikasimama nikapiga kelele mpaka koo likauma: kwa nini si mwaka juzi? Kwa nini si mwaka juzi, nyinyi wawili, na mimi pamoja nanyi, kwa nini? Mama alishusha uso kwa aibu, mume wangu akaniashiria kwa mkono nipunguze sauti, na watu wote wa foleni, wale wenye jicho moja na wale wenye mawili, wakageuka kunitazama mimi, mwanamke asiye na adabu anayemfokea mama yake hospitalini.